Kijani cha Mahameni

Mtu akinisifia shamba, kwanza namtazama miguu. Nataka kujua amepita njia gani, na kama amepita pembeni au katikati ya maharage. Halafu namtazama uso. Halafu namjibu kama mama yangu alivyojibu siku zote: tunajaribu tu, mvua yenyewe imetuonea. Wanangu wanasema nimezidi kushuku. Nimezidi, sikatai. Nilikolelewa mimi, kushuku kulikuwa sehemu ya kilimo kama palizi.

Kwetu Murukulazo shamba halisifiwi na mwenyewe. Maharage yanaweza kuwa yamebeba mpaka yanalala chini kwa uzito, lakini mwenye nayo akiulizwa atasema wadudu wamemmaliza. Hata mpita njia haruhusiwi kusema yamependeza kisha akanyamaza. Akishasema hivyo lazima aongeze neno la kupunguza, kwamba ya mwaka jana yalikuwa zaidi, au kwamba ya jirani wa bondeni yanayashinda. La sivyo jicho lake linabaki pale shambani, na siku yakikauka ataulizwa yeye. Hiyo ni desturi tuliyoikuta. Ujamaa ulipokuja ukaiongezea sababu, maana shamba la mtu likistawi lilizaa swali: huyu alipata wapi muda wa kulima kwake wakati wenzake walikuwa shamba la kijiji?

Kisha vita ikaja. Redio ikawa inatutangazia habari za Kagera, malori ya jeshi yakawa yanapita Biharamulo kwenda kaskazini, na kila mkutano ulipoitishwa tuliombwa tena maharage, mbuzi na ndizi za wapiganaji. Watu walitoa, na walitoa kwa moyo, kwa sababu vijana wetu walikuwa huko. Kaka yangu alikuwa huko, alichukuliwa pamoja na wenzake wa mgambo. Lakini kutoa kwa moyo ni jambo moja, na kutangaza ulichobakiza ni jambo jingine.

Katikati ya hayo tukaletewa mwalimu wa Kiswahili aliyetaka watoto waeleze mashamba.

Alikuwa kijana, mwembamba, anatoka mkoa ambao sisi tuliujua kwa ramani tu. Alitamka maneno taratibu, kila herufi mahali pake, na sisi tuliochanganya l na r tulimsikiliza kama tunavyosikiliza redio. Jumamosi alitembea vilimani peke yake. Hakuwa anakwenda kununua kitu wala kumsalimia mtu. Alipanda kilima, akasimama, akatazama bondeni, akarudi. Wazazi walilizungumza sana jambo hilo. Mwalimu gani anatembea bila kwenda mahali? Redio ilikuwa imetuonya tujihadhari na wageni wanaoulizauliza, na huyu alikuwa mgeni, na kuuliza ndiyo kazi aliyolipwa mshahara. Wengine walisema ni mtu wa adui. Wengine, akiwamo baba, walisema ni mtu wa wilaya, na kwa maoni ya baba huyo ndiye alikuwa wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa adui alikuwa mbali.

Baba alikuwa na sababu yake ya kuogopa, na sababu hiyo ilikuwa migomba.

Tulikuwa tumehamishwa miaka michache kabla ya vita, wakati wa operesheni ya vijiji. Tuliwekwa kando ya barabara, nyumba zimepangwa kwa mistari, ardhi yake changarawe nyekundu inayorudisha jembe. Tuliambiwa kila nyumba ipande migomba mbele ya mlango. Tukapanda. Ikadumaa, majani yakawa membamba na ya manjano, kimo chake hakikumzidi mbuzi. Mgomba changaraweni haupandwi ukamea, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuitwa kwenye mkutano.

Migomba ya kweli ilibaki mahameni, kule tulikokuwa tunaishi zamani, nyuma ya vilima, kwenye kibonde kisichofikiwa na upepo. Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyeipanda, na alipofariki alizikwa pembeni yake. Tulipohama paa la nyumba liling'olewa na kuta zikaporomoka kwa mvua, lakini migomba haikujua kama tumehama. Kurudi huko kulikatazwa. Waliokutwa wanalima mahame yao walisimamishwa mkutanoni, na migomba ya wengine ilifyekwa wenyewe wakitazama. Wakati wa vita neno lilizidi kuwa zito. Mtu anayejificha porini, waliuliza, anajificha na nani?

Hata hivyo baba alikwenda. Aliaga kwamba anakata nyasi za kuezekea, na ni kweli alirudi na nyasi. Mimi na mama tulikwenda kutafuta kuni, na chini ya kuni kulikuwa na ndizi. Chakula cha nyumba yetu kilitoka kule karibu chote, kwa maana mgawo wa shamba la kijiji haukutufikisha hata msimu wa palizi. Hilo ndilo tulilokuwa tunalinda. Sikuambiwa nisiseme. Kwetu mtoto haambiwi asiseme, anaona watu wazima wanavyonyamaza akajifunza.

Basi mwalimu huyo akatutoa darasani siku moja, akatusimamisha mbele ya shamba la shule. Madaftari yalikuwa yameadimika, kwa hiyo insha zetu zilikuwa za mdomo. Alituambia tuseme tunachoona. Tukasema tunaona shamba. La nini? La mahindi. Likoje? Zuri. Akasema hata sahani huwa nzuri, hata ng'ombe huwa mzuri, tuseme shamba lile lilikuwaje. Tukasema ni la kijani. Akachoka nasi. Akapiga marufuku maneno hayo mawili, zuri na kijani, mpaka shule ifungwe.

Alidhani hatujui kusema. Nilimwona anavyotuhurumia, na huruma yake iliniudhi. Tulijua kusema. Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, kina neno la ule ubichi wa jani lenye afya, ambalo si rangi tu bali ni hali, na kila mtoto pale alikuwa nalo mdomoni. Sitaliandika hapa, lina wenyewe. Kilichotuzuia ni kwamba alikuwa anatutaka tulisifie shamba mbele ya mgeni, na hatukujua sifa hizo zitapelekwa wapi. Na shamba lenyewe lilikuwa la kusikitisha. Mahindi yalikuwa yamenyauka ncha, magugu yamefika magotini. Yangesifiwaje?

Tuliporudi darasani akaamua kutuonyesha mfano. Alitembea mbele ya ubao, akaeleza shamba la mahindi la kubuni. Alitupa maneno mapya, kustawi, kushamiri, kunawiri, na hayo niliyapenda papo hapo. Lakini alipofika kwenye rangi akasema majani yake yaling'aa kama zumaridi. Wenzangu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nikakasirika. Zumaridi sijaiona mpaka leo, na naamini yeye pia alikuwa hajaiona. Mtu aliyesimama katika nchi yenye kijani cha kila namna anakwenda kuazima rangi kwenye jiwe! Nikanyoosha mkono. Ni hasira iliyoninyanyua, wala si ushujaa.

Nilisema mgomba hauna rangi moja. Jani changa linatoka limejiviringisha kama mkeka uliokunjwa, na rangi yake inakaribia siagi. Likifunguka jua linapita ndani yake na unaweza kuona mishipa. La kati ndilo limekolea. La chini limechanikachanika, kingo zimekauka na kuwa kahawia, linaning'inia likigusa shina. Nikasema ukisimama ndani ya migomba iliyozeeka mwanga wenyewe unageuka, hata mikono yako unaiona ya kijani. Chini yake maharage yana majani mapana kupita kawaida, yameiva rangi mpaka yanakaribia weusi, kwa sababu yanatafuta jua na halitoshi. Udongo ni mweusi, ni laini, umekula majani na majivu ya miaka mingi, ukikanyaga mguu unazama. Nikamalizia kwa neno lake: shamba hilo limenawiri.

Nilikuwa nimefurahi, nakumbuka vizuri, furaha ya mtu aliyepata maneno yanayotosha kitu chake. Mwalimu akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Migomba hiyo iko wapi?"

Hapo ndipo nikaelewa. Hakuna mgomba hata mmoja kijijini uliokuwa na kivuli cha kumtosha kuku. Hakuna udongo mweusi, hakuna majivu ya miaka mingi, kijiji chenyewe hakikuwa na miaka mingi. Sikutaja kilima wala kijito, lakini nilieleza kitu ambacho kingeweza kuwa sehemu moja tu, mahali tulipokatazwa kwenda.

Nikasema, "Nimefikiria tu, mwalimu."

Akatabasamu. "Hivyo havifikiriwi. Hivyo vinaonwa."

Hakuuliza tena. Akaliambia darasa linipigie makofi, akaendelea na mtoto mwingine. Nilikaa nimeshikilia dawati. Kutouliza kwake ndiko kulikonitisha. Mwenye swali anayekubali kukosa jibu, ama hana haja nalo, ama ameshalipata.

Nyumbani sikusema kitu. Nilidhani litapita. Lakini Jumapili baada ya misa akaja balozi wetu wa nyumba kumi, mtu wa kucheka kabla ya kusema, na tulikuwa tumejifunza kumwogopa zaidi anapocheka. Aliketi, akauliza habari za kaka yangu, akasikitika kwamba barua hazifiki. Akazungumzia chumvi ilivyoadimika. Alikwisha simama aondoke ndipo akasema, kama mtu aliyekumbuka salamu za njiani:

"Mzee, binti yako amesifiwa shure. Wanasema ameeleza migomba mpaka watoto wakasikia njaa."

Baba akasema watoto wa siku hizi wana maneno. Balozi akacheka, akasema kweli, wana maneno, akaenda zake. Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, na mikono yake iliendelea kuchambua, lakini niliona anatupa mazima pamoja na mabovu.

Nilingoja kupigwa. Baba hakunipiga wala hakuniuliza nilisema nini. Afadhali angenipiga. Alikaa akitazama mlango aliotokea balozi, na nadhani alikuwa anapima kila neno la yule mtu. Kwa nini amekuja leo? Kwa nini ametaja kaka kwanza na migomba mwisho? Mwalimu amemwambia, au mtoto mwenzangu, au wote wawili wametumwa na mtu mmoja? Nilikuwa nayapima maneno hayohayo. Mimi na baba tulifanana sana, ingawa hatukuwa tunazungumza.

Asubuhi yake alituchukua mimi na mama, umande haujakauka. Alibeba panga na jembe. Njia nzima nilidhani tunakwenda kuvuna kilichokomaa tukifiche, na nafikiri hata mama aliamini hivyo. Tulipofika baba alizunguka shamba lote mara moja, bila kugusa kitu. Kisha akaanza kukata upande wa juu, kwenye mgomba wenye mkungu ambao haujafika hata nusu.

Mama alimwita kwa jina lake la utoto. Sikuwahi kumsikia akilitumia kabla, wala baadaye. Baba hakusimama. Alisema wakija wakute pori. Alisema hatoi nafasi ya mtu kusimama mkutanoni na kusema baba wa askari anajificha, kijana wake yuko mstari wa mbele na yeye anakula porini. Wakifyeka wao, alisema, watafyeka na jina letu. Akafyeka.

Mgomba ni mti wa maji, panga linapita kama kwenye mua, na utomvu unaruka na kuacha doa ambalo halitoki kwenye nguo. Tulikatakata mashina tukayatawanya. Kwa sababu mgomba uliokatwa huchipua tena, baba alichimba mpaka kwenye mizizi, akang'oa na machipukizi yote, akayageuza juani yafe. Kufika mchana jua lilikuwa linapiga pale ambapo halikuwa limepiga tangu kabla sijazaliwa. Maharage ya kivulini yalilegea palepale, majani yake mapana yakaning'inia. Baba alifyeka mpaka mgomba uliokuwa kichwani kwa kaburi la bibi, na kwa huo tu alivua kofia.

Tulibeba mikungu michanga tukaifunika nyasi. Siku kadhaa tulikula ndizi zisizo na utamu wala wanga, zina ukakasi unaokamata ulimi, tukazila mlango umefungwa. Maganda tuliyatupa chooni, maana balozi alikuwa na desturi ya kupita nyuma ya nyumba na kuangalia jalala. Baada ya hapo tulikula mihogo, na mihogo ilipokwisha mama alianza kwenda kwa ndugu zake Kanazi na kikapu kitupu.

Hakuna aliyekuja. Nilingoja watu wa wilaya, nilingoja mgambo, nilingoja mkutano uitishwe. Kila gari likipunguza mwendo barabarani nilitazama kama litasimama kwetu. Balozi alipita, akacheka, akauliza habari za kaka, akaondoka. Shuleni nilimchunguza mwalimu kuliko alivyonifundisha: anazungumza na nani wakati wa mapumziko, Jumamosi anapanda kilima kipi. Siku moja nilimwona anapanda upande wa kwetu wa zamani, nikajiambia, ndiyo huyo, anakwenda kuhakikisha. Alirudi kabla ya mchana. Uso wake haukunipa kitu.

Mvua za masika zilipoanza akaja nyumbani. Alikuja mchana kweupe, kikapu mkononi, jembe begani. Alimwamkia baba shikamoo, baba akaitikia marahaba, akamtolea kiti nje ili asiingie ndani. Mimi nilisimama karibu na mlango. Mwalimu alizunguka kidogo kwa maneno, akataja mvua, akataja vita kwamba inasemekana inakwenda vizuri. Kisha akasema migomba ya shule imekufa yote, na anaamini ni mbegu ilikuwa mbaya. Angependa kupata machipukizi kutoka mahali penye migomba imara. Shule ina sehemu chini karibu na kijito ambapo udongo ni mzuri kidogo, watoto wangepata uji na ndizi. Aliposema hivyo alishusha sauti.

"Mzee, mimi sitauliza yametoka wapi. Niletee tu, hata kwa mkono wa mama."

Baba alimtazama kikapu, akamtazama jembe. Najua alichokuwa anatafuta kwa sababu hata mimi nilikuwa nakitafuta: mtego uko upande gani? Ukimpa mtu chipukizi, umekiri kwamba una mgomba mama. Lakini hakukuwa na mama wala chipukizi, kwa hiyo kwa mara ya kwanza baba aliweza kumjibu mtu wa serikali ukweli mtupu.

"Mwalimu, sisi hatuna migomba, ila hii unayoiona hapa mlangoni."

Mwalimu akanitazama. Nikatazama chini. Akasema basi, samahani kwa usumbufu, akanyanyua kikapu chake kitupu. Mpaka leo sijui. Huenda alitaka machipukizi tu, tangu siku ile darasani alipouliza iko wapi. Huenda alitumwa, na jembe lilikuwa la kutuzuga tu. Nimezeeka nikiyageuza hayo mawili na sijaona lililo zito kushinda jingine. Mwaka uliofuata alihamishwa.

Alipokwisha kupita nyumba ya balozi, baba aliniita. Alikuwa bado ameketi palepale. Ndipo akaniuliza kile ambacho hakuniuliza siku ile, kabla ya panga.

"Ulisema nini hasa? Sema vilevile, kwa Kiswahili."

Nikasimama mbele yake mikono nyuma, kama darasani, nikasema. Jani changa na rangi ya siagi. Mishipa inayoonekana kwa jua. Nilipofika kwenye jani la chini lililochanikachanika akanikatiza, akasema hapana, pale kwetu hayakuchanika sana, pale hapakuwa na upepo. Nikarekebisha, nikaendelea. Mwanga unaogeuza mikono. Maharage yenye giza. Udongo unaozamisha mguu. Alisikiliza mdomo wazi kidogo, kama mtu anayefuata hesabu.

"Hukutaja kilima?"

"Sikutaja, baba."

"Wala kijito?"

"Wala kijito."

Akageuza viganja vyake akavitazama, bado vilikuwa na weusi wa utomvu kwenye mikunjo. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia, vyote pamoja, na sikuwa na namna ya kusema hata kimoja. Baadaye akasema kuna neno moja mwishoni hakulijua.

"Kunawili ni nini?"

Neno kama hilo halielezwi kwa maneno mengine. Mtoto hufundishwa kwa kidole, unamsimamisha mbele ya kitu, unamwambia ndiyo hii. Niligeuka nitafute pa kumwonyesha. Nikatazama migomba yetu ya mbele ya mlango, nikatazama mihogo ya jirani, nikatazama mahindi ya kijiji kule chini. Baba alingoja, ametoa macho kule nilikotazama.

"Ni kama kule kwa bibi, baba," nikamwambia. "Kabla."